Kibao pa nafasi ya kitabu

Kule Kambove, ku migodi ya shaba, baba yangu alikuwa analamba majiwe. Si juu ya njaa. Jiwe kavu haionyeshi rangi. Akilamba, kijani inatoka, njo anajua kama ni ya kubeba ao ya kutupa. Nami nikalamba kila kintu, hata cheni ya kinga, ile baiskeli ya mujomba. Mama alinipiga. Nasema ile juu siku ya kwanza ya kazi, mu bibliyoteki ya univerisite hapa Lubumbashi, nililamba kidole nifungue kitabu. Shefu wa Bitabu akanishika mukono: «Mate yako uyaache ku nyumba.»

Masomo yangu iliishia mwaka wa ine wa primere. Lakini ule shefu alinifundisha kibao. Ukitosha kitabu mu etajeri, pale bitabu binapangwa, unasimamisha kibao pa nafasi yake, unaandika: kimeenda wapi, kitarudia siku gani.

Mashefu bakapita, ordinatere, ile mashini ya kompyuta, ikafika. Madame Directrice, mukubwa mupya, mwanamuke kijana, alisema bibao bitoke, kila kintu iko mu mashini. Nikabitosha. Kubitupa, mukono ulikataa. Nikabipanga chini ya ngazi.

Kisha akakuja Charlotte, mwanafunzi, amebakiza siku mbili atetee mémoire, ile kazi ya kumaliza masomo. Alitafuta mémoire moja ya zamani, juu ya bamama bachuuzi ba Mokambo. Iko moja tu. Mwalimu wake alisema asipoisoma, hatetei. Mashini ikasema: iko pa etajeri. Tukaenda, nafasi iko wazi. Charlotte akakaa chini pa simenti.

Nikaenda ku ngazi, nikapanguza mavumbi kibao kwa kibao, mpaka nikapata kibao ya ile mémoire, na maandiko yangu mabaya: kwa mushonaji wa bitabu. Ilienda kushonwa, haikurudia. Tukaipata mu chumba ya ule mushonaji, chini ya mikebe ya gundi kavu. Charlotte aliibeba kama mutoto muchanga.

Madame alinitazama. «Papa Donat, bibao ngapi iko kule chini?»

«Yote.»

«Basi bilete. Wewe utasoma, mi nitaandika mu mashini. Kisha utaandika wewe.»

Niliandika na kidole kimoja, kikavu. Nikamuuliza: nikifinya hapa, neno inaenda wapi? Akacheka. «Hata mi sijui muzuri, papa. Tuangalie.»

Ninyi munaoingia kazi ile munakuja kuniuliza kama mashini itawafukuza. Sijui. Muiulize, kisha mwende muone pa etajeri.

Siku ya pensheni, hotuba ilikuwa murefu. Nilikamata kibao kimoja, nikaandika jina yangu. Kimeenda wapi: Hewa Bora, ku nyumba. Pa siku ya kurudia sikuandika kintu. Nikakisimamisha pa kiti yangu, nikapita mulango wa nyuma, bakiwa bangali banapiga mikono. Sijarudia.