Mzigo wa Gwamaka

Mvua ya Tukuyu unaijua, mwanangu, haiombi ruhusa. Kila inaponikuta nimekaa hapa barazani na spana zangu, nakumbuka Jumanne moja ya ujana wangu, siku niliyomtwika mwenzangu mzigo wote kisha nikajiita kiongozi. Sogea upande huu usilowe, nikueleze. Nitakwenda polepole, maana habari yenyewe ina mtelemko mkali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa. Kabla ya hapo hata tairi ulilipata kwa kujuana. Ghafla madukani kukawa na kila kitu, na baiskeli mpya zikaning'inizwa darini kama nyama buchani. Mimi nilikuwa nauza vitambaa dukani kwa Mjomba Shabani, ndugu wa mama yangu, aliyenilea. Mikono ilikuwa kwenye vitambaa, moyo ulikuwa kwenye spoku. Nilitamani kona moja ya baraza lake, ile yenye mwanga, niweke kisanduku cha spana na mimi niitwe fundi. Kila nilipoomba alinijibu vilevile.

"Idi, fundi wa baiskeli anakabidhiwa roho za watu. Wewe kitenge tu unakikata huku macho yako barabarani."

Tulikuwa vijana sita wa rika moja, kila mmoja na baiskeli yake ya Kichina. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa Mwislamu, wenzangu walikuwa watoto wa wakulima, na hilo halikutusumbua hata kidogo. Tukapanga kushuka hadi Ziwa Nyasa na kurudi, siku nne, tukilala kwenye hema njiani. Watu walitushangaa. Mama mmoja muuza maparachichi akaniuliza, "Huko ziwani mna msiba?"

"Hapana mama, tunakwenda kutembea tu."

"Mbona kutembea mnaweza hapahapa, na kwa miguu mliyopewa bure."

Mjomba alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaniangalia. "Haya. Mkirudi wote sita kabla ya sala ya Ijumaa, kila mtu juu ya baiskeli yake, kona ni yako. Akirudishwa hata mmoja kwa lori, unarudi kwenye mkasi, na habari ya spana sitaki kuisikia tena."

Sasa sikiliza kosa langu lilipoanzia, maana halikuanzia kwenye mtelemko. Lilianzia barazani, tukifunga mizigo. Tulikuwa na hema moja kuukuu, turubai mbili, sufuria kubwa, unga na maharage. Gwamaka, kijana wa kabila la hukuhuku, alikuwa mpana wa mabega na mpole, na kila tulipoendesha alikuwa wa mwisho. Nikamfungia yeye karibu vyote.

"Mabega ninayo, Idi," alisema, "ila breki zangu ni sawa na zako."

Wote tukacheka. Mimi nikafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, alama ya kiongozi, nikatangulia na kisanduku changu kidogo cha spana.

Mchana tulipita Masukulu, na mbele kidogo barabara ikainama kuelekea bondeni. Pale juu tulimkuta mzee amesimamisha baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, anafunga tawi bichi la mti kwenye keria ili liburuzike nyuma yake. Wabeba ndizi wa huko ndivyo walivyoshuka milima. Tawi likiburuzika, baiskeli haipati kichaa.

"Vijana, kateni matawi. Panga hili hapa," alisema.

Nikamjibu kwa heshima ya mdomoni tu. "Ahsante mzee, hizi zetu zina breki mpya."

"Mvua haijui mpya," akasema, akaendelea kufunga.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilishuka kama mwewe, kitambaa kinapepea, upepo unaniimbia sifa. Lakini mwanangu, raba ya breki ikilowa huteleza kwenye ringi kama sabuni mkononi. Mwenye mzigo mwepesi husimama kwa shida. Mwenye mzigo mzito hasimami. Kule chini nilihesabu baiskeli tano. Tukangoja. Ya sita haikuja.

Tulipanda tukikimbia, tukamkuta Gwamaka katikati ya shamba la migomba, sufuria iko kifuani, miguu iko juu. Bahati yake mgomba ni mti laini. Aliponiona akauliza, "Unga umepona?" Unga ulipona, naye alichubuka viwiko tu. Lakini gurudumu lake la mbele lilikuwa limepinda kama namba nane, na spoku mbili zimekatika.

Tukasikia tawi linakuja shaa, shaa, barabarani. Yule mzee alisimama, akamkagua Gwamaka kwanza, mfupa kwa mfupa. Kisha akauliza, "Kiongozi wenu nani?"

Kitambaa kilinijibia.

Akakishika kwa vidole viwili, akakipima kama anayepima unyoya. Akaenda kwenye mzigo wa Gwamaka, akaunyanyua kwa mikono miwili, akautua. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Sisi tunaobeba ndizi, mwenye mzigo mzito ndiye anayetangulia, na wote tunafuata mwendo wake. Akichoka tunamwona. Wewe umemweka nyuma. Angevunjika shingo, nani angejua?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akatupeleka kwake, akatuonyesha mahali pa kusimamisha hema kando ya migomba. Jioni mkewe alipika mbalaga, ndizi zetu zile za huku, na mzee akaleta jogoo. Aliposikia jina langu, akanikabidhi kisu. "Wewe wa msikitini, chinja wewe, tule wote." Mwanangu, mtu amekukemea saa tisa, saa kumi na moja anakupa kisu ili usikose nyama. Hapo ndipo nilipojua kwamba alinikemea kwa kunipenda.

Baada ya kula, mmoja wetu akasema kwamba asubuhi lori la mkaa hupita pale kwenda Tukuyu. Gwamaka akamuunga mkono. "Nipakieni. Nitawangoja nje ya mji, Ijumaa tuingie wote. Baiskeli nitaikokota hatua mbili, hatua ya tatu napanda. Mjomba wako ataona wapi?"

Alikuwa ananihurumia kwa sababu ya kona yangu, na yeye ndiye niliyemwangusha. Nikamwambia, "Hapana. Kesho nitalinyoosha."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitamwambia mjomba kwa mdomo wangu."

Alfajiri niligeuza baiskeli juu chini. Spoku za akiba sikuwa nazo. Kiongozi alikuwa amebeba kitambaa. Nikang'oa mbili kutoka gurudumu langu nikampa Gwamaka. Kunyoosha ringi, mwanangu, hakutaki nguvu. Unakaza spoku ya huku robo mzunguko, unalegeza ya kule, unazungusha, unatazama, unarudia. Ukiikaza moja kwa hasira, unaharibu tatu. Wenzangu walianza kwa kunitania kwamba nasuka nywele. Baadaye wakawa wananishikia. Jua lilipofika utosini nilizungusha kwa mara ya mwisho, na gurudumu likapita katikati ya breki bila kugusa huku wala kule. Mzee aliangalia, akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kana kwamba baiskeli ni yake.

Tuligawana mzigo upya. Tukakata matawi sita. Gwamaka akatangulia, na kitambaa chekundu nikakifunga kwenye usukani wake. Tukashuka shaa, shaa, sita nzima. Jioni tulikuwa ziwani, tumeingia majini na nguo, Gwamaka akipiga mbizi kama kiboko na kuapa kwamba hatoki. Alhamisi tulianza kurudi, usiku tukalala tena kwa mzee, na Ijumaa kabla jua halijachomoza tukaushika mlima.

Siwezi kukudanganya, ulikuwa mlima. Lakini mwendo wa Gwamaka haukumshinda hata mmoja wetu. Alipokanyaga, tulikanyaga, alipopumua, tulipumua. Mimi nilikuwa wa mwisho, na sufuria ile mgongoni, gurudumu langu lenye spoku pungufu likiyumba kama mlevi mwenye adabu. Mara nikaona mabati ya mji, na watu wametoka barazani. Yule mama wa maparachichi akapiga kigelegele.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake, tayari kwa msikiti. Akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, mpaka sita. "Kiongozi ndiye wa mwisho?"

Nikamweleza yote pale pale, mbele ya watu: mzigo, tawi nililolikataa, kuanguka kwa mwenzangu. Gwamaka akanikatiza. "Na gurudumu amelinyoosha yeye, mjomba. Tazama."

Mjomba akainyanyua baiskeli kwa mbele, akalizungusha gurudumu, akaweka ukucha karibu na ringi. Halikugusa. Akalizungusha tena. Kisha akanigeukia.

"Kaoge, sala imekaribia. Ukitoka msikitini, uondoe magunia pale kwenye kona."

Ndiyo kona hii tuliyokaa, mwanangu. Gwamaka ndiye aliyenisaidia kuyatoa magunia yale.

Basi nasikia nawe na wenzio mnapanga safari yenu. Nendeni. Ila ukifunga mizigo, nyanyua kwanza wa mwenzio, kisha ndipo uuchague wako. Mwenye mzigo mzito mweke mbele, umwone. Ukiambiwa ukate tawi, kata, hata kama breki ulinunua jana. Na ukikosea, kaza taratibu na useme kweli. Kuteleza si kuanguka, na aliyeanguka huinuka wenzake wakiwapo.

Mungu akupe mtelemko wenye breki na mwinuko wenye wenzio, na siku mtakayorudi, tukuhesabuni wote mkiwa mmetimia.