Kiza Kilikuwa cha Nani

Kila asubuhi, kabla hajafagia wala kufungua dirisha la pili, fundi cherehani yule aliketi kwenye kigoda chake, akakata kipande cha uzi mweusi, akautunga kwenye sindano ya mkono. Si kwamba alikuwa na cha kushona saa hiyo. Alikuwa akijipima. Zamani uzi uliingia mara ya kwanza, tena akiwa anazungumza na mtu. Mwaka jana ukaanza kumchezea: mara ya pili, mara ya tatu. Mwaka huu alikuwa anafika mara ya saba, ulimi nje, uzi umelowa mate mpaka umekuwa kama mkia wa panya. Akishafaulu aliuchomoa, akafungua dirisha na kuwaamkia wapita njia kama mtu asiye na neno moyoni.

Hakumwambia yeyote. Fundi asiyeona atapelekewa nguo na nani? Na yeye hakuwa fundi tu. Kila Jumapili alivaa koti jeupe, akasimama nyuma ya vile vijiti vitatu kwenye uwanja wa kriketi wa mtaa, akaamua nani ametolewa na nani abaki. Miaka kumi na tisa sasa. Watu walimwita Jaji, na jina likamganda mpaka dada yake naye alilitumia akiwa na hasira.

Hukumu zake za Jumapili zilikatiwa rufaa Jumatatu, kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Kinyozi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, na kwa kuwa klabu haikuwa na ofisi, kitabu chake kilikaa kwenye droo moja na mashine za kunyolea. Rufaa ziliongozwa na dereva mmoja wa lori, mstaafu, waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kujua inazimwa wapi.

Mwezi uliotangulia Jaji alikuwa amesimamisha mchezo saa kumi na robo. Pale uwanjani kipimo cha mwanga kilikuwa kimoja: mwamuzi anasimama katikati, anatazama ubao wa matokeo ulio pembeni. Namba zisiposomeka, watu wanatoka. Jaji alitazama, hakusoma kitu. Mwamuzi mwenzake, karani mmoja kijana, alimwambia, "Kama umeona hivyo, mzee, ndivyo." Wachezaji wakatoka. Hawajafika hata kwenye mabenchi, wingu likasogea, jua likamwagika uwanja mzima.

Jumatatu ile hakupona.

"Jaji, leo nimekuja na taa," Redio alimpokea. "Isije ikawa kiza tena, ukashindwa kuiona njia ya kurudi dukani."

"Kulikuwa na wingu," Jaji alisema.

"Wingu! Wingu gani lile? Moshi wa sigara yangu ni mzito kuliko lile."

Kinyozi alicheka mpaka akaiondoa mashine kichwani mwa mteja asije akamkata. Jaji akacheka nao. Lakini usiku hakulala vizuri. Alijua sasa kwamba kiza kile kilikuwa chake peke yake, amekitoa nyumbani, amekwenda nacho uwanjani.

Mwezi uliofuata ikaja Jumapili nyingine. Tangu saa tisa mawingu yalikuwa yakipandana, upepo ukaleta harufu ya mvua. Zilibaki ova tatu, yaani mipira kumi na minane, na timu ya nyumbani ilihitaji alama kumi na mbili za mbio ishinde. Mpigaji alikuwa mpwa wake Jaji, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa ameajiriwa kuendesha lori na leseni yake bado mpya. Mrushaji wa wageni alikuwa jitu refu lenye mkono kama kombeo.

Jaji aliutazama ubao. Namba zilikuwa zimeyeyuka. Akajiambia: si ubao, ni wewe. Mwezi uliopita uliona hivihivi, na jua likakuumbua.

Karani akamsogelea. "Unaonaje, mzee?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nakusikiliza wewe."

Kutoka pembeni Redio alikuwa akipaza sauti: "Jaji, usituletee mambo yako! Tucheze! Mbio kumi na mbili tu!" Wageni nao walitaka mchezo uishe kabla ya mvua.

Ndipo mpwa wake akainua gongo lake la kupigia mpira. "Mwamuzi, mpira siuoni."

Wageni wakazomea. "Anamwomba mjomba! Mbebe basi mgongoni!"

Jaji alisikia uso ukipata moto. Akamjibu kama anavyomjibu mtu baki: "Uwanjani hakuna mjomba. Cheza."

Mpira wa tatu baada ya hapo ulidunda, ukapanda. Jaji hakuuona ulivyopita. Alisikia tu mlio, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu kwa goti, kisha akamwona kijana amepiga magoti, mikono miwili usoni, na damu ikipita katikati ya vidole.

Jicho la kulia halikuokoka. Daktari alilisema hilo Jumatatu, na dada yake Jaji akamfuata kibandani Jumanne, hakuketi.

"Kaka, sikuja kugombana. Kwa kinyozi wanasema mwanangu alifumba macho. Wanasema aliogopa mpira. Kweli?"

"Wanasema mengi."

"Yamemfika wodini. Mwajiri wake ameshamtumia ujumbe, kazi ndiyo basi, na wala hilo haliulizi. Anauliza moja tu. Akiamka, 'Mama, nilifumba?' Akilala, 'Mama, nilifumba?' Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Kesho wanaandika kitabuni. Nenda ukawaambie alichofanya mwanangu."

"Dada..."

"Usiniite dada. Nenda ukaseme."

Jumatano mchana kinyozi alifunga mlango nusu, akatoa kitabu. Walikuwa wanne: yeye, Redio, karani na Jaji. Mambo yalikuwa yameshapikwa, yamebaki kupakuliwa.

"Tusirefushe," kinyozi alisema. "Ni ajali ya mchezo. Tunaandika mwanga ulitosha, mpigaji aliondoa macho kwenye mpira. Klabu inampa pole."

"Ulitosha na kusaza!" Redio akadakia. "Mimi pale nilipokuwa naona mpaka vifungo vya shati la mrushaji."

"Uliona vifungo, mvua ikanyesha dakika kumi baadaye?" karani aliuliza taratibu.

"Mvua ni mvua na mwanga ni mwanga, wee kijana! Hujawahi kuona jua na mvua?"

"Jua siku ile lilikuwa wapi?"

"Basi mbona wewe mwamuzi hukusema?"

Karani akainamisha kichwa. "Niliona kiza. Nikadhani macho ya mzee yanaona zaidi ya yangu."

Wote wakamgeukia Jaji. Alikuwa ametazama mikono yake. Angeweza kunyamaza, kalamu ilikuwa tayari, koti lake jeupe lingebaki lake, na nguo za watu zingeendelea kuja. Akapiga moyo konde.

"Kilikuwa kiza," alisema. "Nilikiona. Nikafikiri ni changu."

"Chako vipi?"

"Macho yangu yamekufa, jamani. Mwaka wa pili huu. Mwezi ule nilipowatoa, kiza kilikuwa changu. Jumapili kilikuwa cha mbingu, nami nikaogopa mtanicheka tena. Kijana alisema haoni. Alisema kweli."

Redio akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata. Kinyozi akachukua kalenda ya ukutani, akaishika hatua tatu kutoka kwake. "Hebu soma mwezi."

Jaji alikunja uso, akaitazama. Hakusoma.

Ungetegemea mtu aseme neno juu ya kijana. Redio ndiye aliyewahi, akasimama kabisa.

"Mwaka wa pili? Basi ile fainali ya mwaka jana! Si nilisema mpira uligusa gongo? Si nilisema?"

"Haukugusa," kinyozi akajibu papo hapo, kalenda bado mkononi. "Ile aliamua sawa."

"Sawa kwa macho yapi? Amekiri mwenyewe! Turudie mechi zote!"

"Turudie na nani, wengine wameshahama!"

Wakawaka. Fainali ikaleta nusu fainali, nusu fainali ikaleta mechi ya mvua kubwa, kila mmoja akidai alichonyang'anywa. Jaji alisubiri kidogo, pengine watarudi. Hawakurudi. Akainama kwa karani.

"Andika hakufumba. Andika alisema haoni, na mwamuzi akamlazimisha."

Karani akaandika, akamsomea mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akayanakili maneno hayohayo kwenye karatasi nyingine, kwa herufi kubwa, akamkabidhi. Jaji akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Alipoinuka, Redio alikuwa amepanga chupa za dawa ya nywele mezani kuonyesha wachezaji walisimama wapi mwaka ule. "Jaji, simama hapa, wewe ulikuwa hapa," alisema bila kumtazama.

Jaji akampita. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo, wazi, suruali ya mtu ikiwa bado chini ya mguu wa cherehani. Hakuvuka. Alishika njia ya hospitali, mkono mmoja ukipapasa ukuta waziwazi mbele za watu, na hakurudi kwa kinyozi wala uwanjani tena.