Fulana ya Njano

Mama alitaka kitu kimoja tu mwaka huu: kwenye ibada ya ukumbusho, kaka yangu awekwe kwenye bango akiwa na fulana yake ya njano. Kaka alikuwa mwanajeshi, alifia Somalia, na tangu tumzike, bango la kanisani huwa ni ile ile picha ya gwanda, macho makavu, mdomo umefungwa. Mama haipendi. Anasema huyo si mtoto aliyemlea, nami nakubaliana naye, maana kaka alikuwa mtu wa kucheka hata matangani.

Nikachukua picha iliyo kwenye simu yangu. Yuko jikoni kwetu, mtaa wa Jamhuri, amevaa ile fulana ya njano, ameshika sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, meno yote nje. Nikaipeleka mjini kwa watengeneza mabango. Dada wa kompyuta akaitazama, akauliza, "Huyu si alikuwa jeshi? Na mbona unaleta hii ya nyumbani?" Nikamwambia ndivyo tunavyotaka, usiguse kitu. Akasema hakuna shida, kastoma. Hilo neno lilipaswa kunishtua mapema.

Jumamosi nikalichukua limeviringishwa na, mjinga mimi, sikulifungua. Nililikunjua sebuleni mbele ya Mama na shangazi zangu. Jamani. Uso ni wa kaka, anacheka vilevile, lakini kuanzia shingoni kuna gwanda la jeshi la nchi nisiyoijua, na medali ambazo hakupewa. Sufuria imefutwa. Mkono unapiga saluti, na sijui hata waliutoa wapi. Nikapiga simu nikiwa nawaka. "Lakini tulimpendezesha tu, kastoma," dada akanijibu, na kwa sauti yake nikajua nimemuumiza. Sasa mtu kama huyo utamgombeza vipi?

Shangazi wakaanza: si mbaya, amependeza, nani atajua. Walinichosha. Mama alikuwa akilitazama lile gwanda. Siku ile kaka aliporudishwa, jeneza lilikuja limefunikwa bendera, tukaambiwa lisifunguliwe.

"Huyu ni wa serikali," Mama akasema mwishowe. "Huyu nilishawapa. Wangu yuko wapi?"

Kesho yake bango lilibaki nyuma ya mlango. Jina la kaka liliposomwa kanisani, Mama alienda mbele na simu yangu, akaiinua juu watu waone. Kila kioo kilipofifia, alikigusa kwa kidole gumba, pale kwenye fulana, kikawaka tena.