Mama Mkwe Kwenye Mstari wa Wakosaji

Nafundisha kipaimara hapa Nyabiyonza, na kuna swali ambalo kila mwaka halikosi mwenye kuliuliza: kama Yesu hakuwa na dhambi, alibatizwa ili iweje? Jibu ninalo. Limo kwenye daftari langu, kwa wino wa bluu, na nimelipigia mstari. Kinachonishinda ni kulisema huku nikiwatazama watoto usoni. Mwaka huu aliyeuliza ni mwanangu mwenyewe, nikamjibu macho yakiwa kwenye daftari.

Mtoto huyu alipokuwa mdogo alikuwa akishikwa na degedege. Tulimpeleka hospitali, akatibiwa, akarudi anacheza. Baada ya wiki mbili akaanguka tena jikoni. Mume wangu alikuwa Bukoba kikazi, nami nikachanganyikiwa. Badala ya kumrudisha mtoto hospitali siku ileile, nilimwomba wifi yangu, dada wa mume wangu ambaye tunaishi naye kwenye kibanja kimoja cha migomba, aende kwa mganga fulani upande wa Kyerwa. Nilimpa fulana ya mtoto, akaifunga ndani ya kanga. Mimi nisingeweza kwenda. Mwalimu wa kipaimara aonekane kwa mganga? Nilimwambia hivyo bila haya, naye akapanda bodaboda akaenda, kwa sababu mtoto yule anampenda kama wa kwake.

Alirudi na mizizi. Nilipoishika mkononi nikaingiwa na hofu, nikaenda kuitupa migombani. Kesho yake nikampeleka mtoto hospitali kama nilivyopaswa, na huko ndiko alikopona. Kwa hiyo safari ya wifi haikumsaidia mtu yeyote. Ilichozaa ni kwamba muumini mmoja alimwona akitoka kwenye ua wa mganga.

Usharika wetu una utaratibu wake. Aliyekwenda kwa mganga hutengwa na meza ya Bwana, na siku anapotubu husimama mbele ya washarika wote, jina na kosa lake vikasomwa, ndipo anarudishwa kundini. Wazee wa kanisa walimwita wifi, wakamwuliza alikwenda kwa shida ya nani. Akasema shida zake mwenyewe. Alinisimulia jioni ile huku akichambua kahawa, kama mtu anayeleta habari za gulioni. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikampa kilo mbili za sukari.

Jumapili yake ya kurudi kundini iliangukia Januari, siku tunayokumbuka ubatizo wa Bwana. Siku moja kabla nilikuwa darasani. Niliwaeleza watoto kwamba watu walikuwa wamejipanga mtoni wakiungama dhambi zao, na Yesu akaja kujipanga nao. Hakuwa na lake la kuungama, ila alitaka kuwa upande wao, abebe lao kama lake. Hata Yohana alitaka kumzuia, akaona mambo yamegeuzwa. Binti mmoja kutoka Kihanga, mbishi kidogo, akanyoosha mkono akauliza kama wale watu mtoni walijua kwamba hana dhambi. Nikasema wengi wao hawakujua. Akasema basi walimwona mkosaji tu kama wao. Nikamwambia ndivyo, aketi.

Kesho yake wifi alisimama mbele peke yake, amevaa gauni lake la kijani la sikukuu. Mzee wa kanisa akasoma jina na kosa. Mimi nilikuwa benchi la walimu, mtoto wangu mzima kabisa amelala mapajani. Nakumbuka vizuri nilichokuwa nawaza. Nilikuwa nawaza kwamba jambo lenyewe halitachukua hata dakika tano.

Ndipo mama mkwe akainuka kwenye benchi la wanawake. Huyu ni mtu anayeamsha nyumba nzima kwa sala ya asubuhi, na hata harusini rubisi, pombe yetu ya ndizi, huipitisha kwa jirani bila kuionja. Kwa mganga hajui hata njia. Alitembea taratibu na fimbo yake mpaka mbele, akasimama hatua moja pembeni ya binti yake. Mzee wa kanisa akamfuata kumnong'oneza kwa heshima ya kikwetu, nasi wa karibu tukasikia.

"Waitu mama, jina lako halimo."

"Najua. Nimekuja kusimama."

Mchungaji akaendelea na maswali ya toba, na mama mkwe akayajibu yote. Wakawekewa mikono wote wawili. Nyuma yangu wanawake wakaanza kuambiana kumbe na bibi naye alikwenda. Maneno hayo yalizunguka mpaka sokoni, na yeye hakuyakanusha hata siku moja. Mimi niliendelea kukaa. Mtoto alikuwa amenilalia, nikajiambia si vizuri kumwamsha.

Mchana tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na mama mkwe. Nikamwambia inaniuma kuona watu wanamsema bure. Hakuacha kumenya.

"Fulana ya mjukuu wangu niliiona kwenye kanga ya wifi yako siku ile," akasema. "Leo niliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Hukuiona?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni uzee, kwamba miguu imemchosha kabla hajamfikia binti yake. Niliona aibu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia yote. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akasema kwa kuwa mimi ni mwalimu na watoto wanaweza kuyumba, hakuna haja ya kulipeleka mbele ya watu, tuombe palepale ofisini. Ningeweza kukataa. Maneno ya kusema mbele ya washarika nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima. Lakini aliposema vile mwili wote ulilegea kwa raha, nikasema asante baba mchungaji.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Wifi na mama mkwe walikuwa uani, wanakusanya kahawa kwenye turubai kwa sababu mvua ilikuwa imeshafunga. Nikawaambia nimetubu, nimesamehewa, yamekwisha. Wifi akanikumbatia, akasema Bwana asifiwe, na alimaanisha. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu.

"Ulisimama wapi?"

"Nilipewa kiti, mama."

Hakuninung'unikia. Alinionyesha upande wa turubai uliokuwa hauna mtu, nikaushika, tukaivuta kahawa ndani.