Mate ya Mzee wa Ng'ambo

Yule mfanyakazi wa maabara wanayemwita Dada Barakoa hajui kutulia. Akisubiri mashine imalize kazi, mguu wake hutikisika, vidole hupiga meza, huenda dirishani akarudi bila kuona chochote nje. Huvaa barakoa mbili na hafungui kinywa mbele ya vichupa vya mate, maana chembe moja ya mate yake ingevuruga vinasaba vya mtu mwingine. Wafanyakazi wote wamepimwa, ili uchafu wao ukiingia utambulike. Utafiti wao unauliza watu wa pande mbili za mto walitoka wapi. Nyumbani kwa Dada Barakoa, mtu wa ng'ambo ya mto hapewi hata maji ya kunywa; baba yake husema wale ni damu nyingine kabisa.

“Leo umepiga chafya, dada yangu,” mkuu wa maabara alimtania, akimwonyesha majibu ya mzee mmoja wa ng'ambo. “Umo humu. Tupa.”

Hakutupa. Alirudia kipimo kwa kichupa kipya, akizunguka chumba mpaka wenzake wakamwomba akae. Majibu yakawa yaleyale.

“Uchafu ungeonyesha watu wawili,” alisema kupitia barakoa zake. “Huyu ni mmoja, na robo yake ni mimi, kama mtu na ndugu wa mzazi wake. Mkuu, huyu huenda ni baba yangu mkubwa.”

Alitoka akaenda koridoni, akavua barakoa zote mbili, akapiga simu nyumbani. “Baba, una ndugu ng'ambo ya mto?”

Baba akauliza, taratibu, “Nani amekuambia?”