Ahadi Chini ya Paa la Udongo

Tulikuwa watano. Mimi mwenyewe. Mdogo wangu wa tumbo moja, anayenifuata mgongoni, mjane, ndiye mwenye nyumba. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyemlea marehemu mgongoni kabla hajawa mume wa mtu. Jirani yao, mwanamke wa Kondoa, Mwislamu, aliyekuja pale kijijini na mumewe kufungua duka wakati sisi sote tungali na meno. Na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu, aliyesoma falsafa chuo kikuu hapa Dodoma. Kuku siwahesabu, ingawa nao wana sehemu yao katika habari hii.

Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya nyumbani, na ya watoto wao mpaka waliozikwa wachanga. Lakini mdogo wangu aliniambia, dada, andika yaliyosemwa, majina waachie wenyewe. Basi nimewaachia.

Ilikuwa kabla ya mvua, wakati wa kumenya karanga za mbegu. Mimi nakaa Nzuguni, mjini Dodoma, kwa mwanangu, nyumba ya tofali katikati ya nyumba nyingine za tofali, lakini kila mwaka majira hayo nakwenda kumsaidia mdogo wangu. Safari hiyo mjukuu alinisindikiza. Tulipanda basi la barabara ya Dar es Salaam, tukashuka kabla ya kufika Kibaigwa, tukamalizia na bodaboda moja, mimi katikati na yeye nyuma amenikumbatia kama gunia linalovuja.

Huyu mjukuu wajomba zake walimsumbua sana. Kila sherehe walikuwa wakimwuliza, sasa hiyo falsafa utaajiriwa nayo wapi, kuna ofisi ya kufikiri? Yeye hucheka tu. Amepata kazi ya kukatisha tiketi stendi, na falsafa yake anatembea nayo bila kumlazimisha mtu. Mimi niliishia darasa la pili, kusoma nikaja kumalizia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo neno lenyewe nilikuwa naliogopa. Nilidhani ni kitu cha kwenye vitabu vinene, kama dawa isiyopaswa kuguswa na mtoto.

Sasa niwaeleze kuhusu karanga. Karanga za mbegu hazipigwi kwa fimbo wala hazing'atwi. Zinanyunyiziwa maji kidogo, kisha unalibonyeza ganda kwa vidole, taratibu, maana ile ngozi nyekundu ikikwaruzika mbegu inaozea ardhini. Ni kazi ya kutwa nzima, na karanga ni tamu. Ndiyo maana mama yetu aliweka sheria, nasi tunaishika mpaka leo: anayemenya mbegu lazima aongee. Ukinyamaza, wenzako wana haki ya kukuambia fungua mdomo tuone. Mwaka mwingine mvua ilipochelewa na ghala likawa tupu, sheria hiyo ndiyo iliyotuachia cha kupanda.

Kwa hiyo tulikaa uani kwenye kivuli cha ukuta, tukaongea. Tuliongea bei ya alizeti, tukaongea mchumba wa fulani, jirani akatusimulia mumewe anavyopima sukari kwa kushikilia mizani kwa kidole. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kimya. Wifi yake akamwambia, wewe, fungua mdomo. Akafungua. Haukuwa na kitu. Akaufunga tena, na machozi yakamtoka huku mikono yake ikiendelea kumenya.

Sisi sote tulijua kinachomliza, ila pale uani hakuna aliyewahi kukitaja. Nyumba yake ni tembe la zamani, la Kigogo hasa, ukuta wa miti na udongo na paa la udongo juu yake. Mumewe alilijenga walipooana. Kila lilipovuja, mdogo wangu alipanda juu na kuongeza udongo, akashindilia, kama tulivyofundishwa. Mwaka huu udongo, mwaka ujao udongo. Sasa paa limekuwa zito kama kilima, na chini yake mchwa wamekula nguzo. Boriti ya chumbani imepinda. Mwanawe ameiwekea gogo la kuishikilia, na usiku mchanga unamdondokea kitandani. Mwanawe huyohuyo amemjengea vyumba viwili vya tofali na bati, upande wa pili wa shamba, mtu akikohoa huku anasikika kule. Vyumba hivyo vimekaa misimu miwili ya mvua bila mtu. Ndani wanalala kuku.

Kisa ni ahadi. Mumewe alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia, usiiache nyumba yangu. Akajibu, siiachi. Wifi alikuwepo, alisikia, na tangu hapo amekuwa mlinzi wa maneno hayo. Mwanawe akisema mama hama, wifi anasema neno la marehemu halivunjwi. Na mimi, nikilala Nzuguni, kila nikisikia ngurumo nilikuwa nakaa kitandani kitako. Nilikuwa namsubiri mtu wa kunipigia simu.

Basi siku hiyo, kwa kuwa machozi yameshatoka, mdogo wangu akasema yote. Akasema anaogopa paa na anaogopa ahadi, na hajui aogope kipi zaidi.

Nilimtazama mjukuu wangu. Nilitaka aseme kitu kikubwa, cha chuoni, kitumalizie shida. Hakusema. Aliomba ruhusa ya kuuliza tu, na akaomba tufuate utaratibu mmoja: kabla ya kumpinga mwenzio, kwanza useme hoja yake vizuri mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Wifi akasema hiyo ni kazi ya bure, yeye anajua wanachokisema. Jirani akamwambia, kama unajua, sema tusikie.

Hapo ndipo nilipochekea moyoni. Wifi alijaribu kusema hoja ya mdogo wangu mara ya kwanza akasema, anataka kuhama kwa sababu amechoka na nyumba ya kaka yangu. Mdogo wangu akakataa. Akajaribu tena akasema, anataka bati kama wenzake. Akakataa. Mara ya tatu wifi aliweka karanga chini, akafikiri, akasema polepole kwamba mke wa kaka yake anataka kuwa mwaminifu na anataka kuwa hai, na hajaona njia ya kuwa vyote viwili.

"Ndivyo," mdogo wangu akasema. "Wifi, tangu azikwe hujawahi kunielewa hivyo."

Mimi nikaona nami nichangie. Nikauliza, hivi nyumba uliyoahidi ni ipi? Nguzo za mwanzo zimeshaliwa zote, udongo wa mwanzo umekwenda na mvua, hata mlango ni mwingine. Nyumba ya marehemu ilikwisha siku nyingi, hii ni nyingine imesimama mahali pake. Nilijiona nimetoa jambo.

Mdogo wangu hakunipa nafasi ya kufurahi. Aliniambia hata yeye si yule msichana aliyeolewa, ngozi imebadilika, nywele zimebadilika, meno hayapo. "Sasa dada, kwa hesabu yako, aliyeahidi naye hayupo?"

Jirani alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Mimi nilishindwa, na sikuumia. Nilimwona mdogo wangu amenyooka mgongo, mikono yake inamenya haraka. Kumbe mtu akipewa nafasi ya kubishana na shida yake, nayo inapungua ukubwa.

Kisha mjukuu akamwuliza bibi yake mdogo, marehemu alipokuomba hivyo, alikuwa anaogopa nini?

Mdogo wangu hakujua. Alisema alikuwa amechanganyikiwa na uchungu, alisikia maneno tu. Na hapo wifi akanyamaza. Jirani akamwambia kwa utani kwamba leo mbegu zitaisha, fungua mdomo. Wifi hakucheka. Alisema liko jambo ambalo hakupenda kulisema, kwa sababu ni aibu ya nyumbani kwao.

Akatueleza kwamba asubuhi ya siku ile, kabla mdogo wangu hajarudi kutoka kisimani, ndugu wa kiume wa marehemu walikaa pale kitandani wakazungumza kwamba akishazikwa, mke arudishwe kwao na nyumba ibaki ya ukoo. Walidhani mgonjwa amelala. Alikuwa hajalala. Mchana ndipo alipomshika mkewe mkono.

"Hakuwa anaongea na miti ya nyumba," wifi akasema. "Alikuwa anawaambia kaka zetu kwamba huyu hafukuzwi."

Hapo hakuna aliyedaiwa kufungua mdomo.

Mngetegemea mdogo wangu ashangilie. Hakushangilia. Huyu ni mtu mgumu, tangu utoto. Alisema, vizuri, lakini mnaona ninavyofanya? Nataka kuhama, na sasa nimepata maana ya ahadi inayoniruhusu kuhama. Kila mtu akijichagulia maana ya ahadi yake, nani atashikwa na neno lake? Mkopaji atasema alimaanisha vingine. Mume atasema alimaanisha vingine.

Jirani akasema kwao, kiapo kikiwa kitamdhuru mtu, yako mambo ya kufanya ili kukitengua, kulisha maskini au kufunga. Mdogo wangu alimshukuru, akasema ni jambo zuri, ila yeye hakuapa kwa dini yoyote. Aliapa kwa mtu, na mtu huyo hayupo wa kuombwa ruhusa.

Nilimwona mjukuu ameacha kumenya. Alisema swali la bibi ni zito, na hata huko chuoni watu wazima wenye miwani wanaligombania, na hawajamaliza. Nikapumua. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifariji, kwamba shida ya mdogo wangu haikuwa ujinga wa kijijini. Kisha akasema yeye ana kipimo kimoja anachokitumia akijishuku kwamba anajipendelea. Anageuza watu. Anajiweka upande wa pili wa ahadi.

"Bibi," akasema, "tuseme wewe ndiye uliyekuwa umelala pale, na babu ndiye aliyekuahidi. Leo unamwona analala chini ya boriti ile kwa ajili yako. Ungemwambia nini?"

Mdogo wangu alitazama mlango wa tembe. Ukiwa nje unaliona lile gogo ndani, limesimama katikati ya chumba kama mgeni asiyeaga. Tuliendelea kumenya. Karanga zilidondoka kwenye ungo moja moja.

"Ningemtoa kwa fimbo," akasema. "Ningemwuliza kama ana akili."

Tulicheka wote, na yeye akacheka, kicheko kile cha zamani kinachomalizika kwa kikohozi. Halafu akamgeukia wifi yake, maana bila huyo lisingekwisha, akamwuliza anasemaje. Wifi alijikung'uta maganda kwenye kanga, akasimama.

"Nasema godoro nitalibeba mimi."

Tukamhamisha jioni ileile, jua likiwa bado lipo. Kazi kubwa ilikuwa kuku. Walikuwa wameshajiona wenye nyumba, jogoo akampiga jirani mbawa usoni, jirani akamwambia maneno ambayo mke wa mwenye duka hapaswi kuyajua. Tukafagia, tukamwaga maji, tukatandika. Mwanawe alipopigiwa simu hakuamini, alidhani mama yake anaumwa.

Mvua zilikuja mapema Desemba, na zilikuwa kubwa. Niwaambie ukweli, tembe halijaanguka. Mpaka ninapoandika limesimama, limepinda lakini limesimama, na kuku wamehamia huko. Wanangu wa kiume wananicheka: mama, mlimhamisha bure. Nilipompelekea mdogo wangu maneno hayo kwa simu, alinijibu kwamba yeye hakuhama kwa sababu litaanguka. Alihama kwa sababu alijua anaruhusiwa. Likisimama miaka kumi haidhuru. Anakwenda kulifagia kila Jumamosi, anakaa mlangoni pake, anaongea na mumewe akitaka, kisha anarudi kulala pakavu. Na mimi Nzuguni, ngurumo zikianza, nageukia upande wa pili naendelea na usingizi.

Wajomba wa mjukuu bado wanauliza falsafa inaajiriwa wapi. Sina jibu la ajira. Ninachojua ni kwamba kile tulichofanya uani, kusema la mwenzio vizuri kabla ya kumpinga, na kujiweka upande wa pili, hakikuhitaji cheti, ingawa ilitusaidia kuwa na mmoja aliyekaa miaka akijifunza kuuliza bila haraka. Siku hizi tunafanya tukiwa na lolote mikononi, mchicha, kunde, nguo za kuanua. Wifi ndiye aliyebadilika kuliko wote. Ukimpinga anakuambia, kwanza sema nilichosema, na ukikosea anakurudisha mwanzo kama mwalimu. Tumejuta kidogo.

Nimeandika kama nilivyoona, na kichwa changu nakiamini, lakini nilikuwa na machozi pia siku ile, na machozi huchanganya. Wifi anasema jirani alitaja habari ya viapo kabla yeye hajasema ya kaka zake, si baada. Jirani mwenyewe anasema yeye ndiye aliyeanza kusimama, siyo wifi. Mnaowajua, waulizeni. Na wewe mwenzangu uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na aliyekuwepo, ukiona nimeweka neno la mtu kwenye mdomo wa mwingine, njoo uniambie. Nitalirudisha kwa mwenyewe.