Rili Iliyomkataa Baba

Juzi niliingia duka la vifaa vya uvuvi jijini Nairobi kutafuta fimbo ya kuvulia na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Nimenunua kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, rafiki yangu, katika umri ambao wenzangu wananunua viti vya kupumzisha mgongo, nami nataka kwenda Naivasha nikae ndani yake nikirusha chambo bandia kama mtu asiye na shughuli duniani. Kijana wa dukani akaniuliza kwa upole, "Madam, unarusha na mkono gani? Ndio nijue nikupatie rili gani." Nikamwambia wa kushoto. Hakushtuka wala hakucheka, aligeuka tu akashusha boksi kutoka rafu ya juu. Nikabaki nimesimama pale nikijizuia nisicheke, maana kwetu, ng'ambo ya Mogogosiek, katika miaka ya tisini, jibu kama hilo lingetosha kuitisha kikao cha ukoo.

Wewe uliyekulia kwenye chai unapajua bila kuelezwa. Majani ya chai yalianzia nyuma ya choo chetu yakapanda vilima mpaka macho yakachoka. Asubuhi king'ora cha kiwanda kilituamsha, na upepo ukivuma kutoka upande ule ulileta harufu ya chai inayokaushwa, harufu tamu kama ya mkate ulioungua kidogo. Mchana mvua ilikuja kwa wakati wake, mara nyingine na mawe yake, na mama akarudi kutoka shambani na kikapu mgongoni, apron ya nailoni ikichuruzika maji. Jikoni kulikuwa na moshi, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vikiwa vimepangwa ukutani, na kogo akiwa ameketi kando ya moto. Kogo ndilo jina tulilomwitia nyanya yetu, mama yake baba. Nyumba ilikuwa ya baba, lakini neno la mwisho lilikuwa la kogo.

Nami nilizaliwa na mkono wa kushoto. Kwa kogo hilo halikuwa jambo dogo. Mkono huo ulikuwa na kazi zake ambazo hazitajwi watu wakila, na mtoto akimpa mtu mzima kitu kwa mkono huo amemtukana. Nikimpelekea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, alikitazama tu kikiwa hewani mpaka nikakumbuka kubadilisha. Wakati wa chakula aliufunga mkono wangu kiunoni kwa leso, nikala kimyet, ugali wetu, kwa mkono wa kulia huku nusu ikianguka mapajani. Hakuwa mkatili. Akinifungua aliusugua mkono ule kwa samli pale leso ilipobana, akiuzungumzia kama ndama mkaidi. Shuleni mwalimu naye alikuwa na rula yake, na mwandiko wangu wa mkono wa kulia ulikuwa wa kuku kabisa. Hata ng'ombe alijiunga nao. Nilikaa kumkamua upande nilioona unanifaa, akaipiga ndoo teke, na kogo akasema, "Umeona? Hata huyu anajua."

Mahali pekee nilipopumua ni kwenye chai. Chai inachumwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni upi uliotangulia kwenye kikapu. Nilikuwa mwepesi, na ninasema hivyo bila haya.

Likizo ya Desemba ilipoanza, kogo akatoa hukumu. Shule zikifunguliwa nikiwa bado wa kushoto, nitapelekwa Sigowet kwa shangazi. Shangazi alikuwa amemnyoosha mwanawe mwenyewe kwa kumpaka pilipili vidoleni, na kila mtu alimsifu kwa hilo. Mimi nililia. Mama aligeukia moto kwa macho mekundu. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa kubishana na boila mpaka ikatii, lakini kubishana na mama yake hakukuwahi kumpitia akilini.

Basi siku hizohizo meneja wa shamba moja alikuwa akirudi kwao, akamwachia baba zawadi kwa kumtunzia jenereta yake miaka yote. Zawadi yenyewe ilikuwa kayaki nyekundu, koti la kuelea, na fimbo mbili za kuvulia pamoja na rili moja ya kuhamishwa. Ililetwa kwa trekta juu ya magunia matupu ya chai, na kijiji kizima kikaja kuangalia. Mmoja akauliza kama ni jeneza. Mwingine akasema ni hori la kunyweshea ng'ombe. Aliyefurahi kikweli ni jirani yetu, mama aliyetoka Vihiga na mumewe kufanya kazi kwenye shamba la chai. Sisi Wakipsigis wa wakati ule hatukuwa watu wa samaki, na kogo hakutaka hata kuwanusa. Jirani alipiga makofi. "Nyinyi shikeni tu," akasema. "Kupika mniachie mimi."

Bwawa lilikuwa chini ya mteremko, lile la kuhifadhia maji ya kiwanda. Kingo zake zilikuwa zimejaa magugu, kwa hiyo ukisimama nchi kavu hupati kitu. Samaki wenye midomo mipana, waliowekwa humo tangu zamani, walikaa mbele ya magugu hayo, na njia ya kuwafikia ni kuingia majini na kuwarushia chambo kutoka upande wa pili. Baba akapewa ruhusa, akawa mvuvi wa Jumamosi. Mimi nilikuwa mbeba kopo la chambo. Chambo chenyewe kilikuwa vijiko vya chai ambavyo baba alikuwa amevikata mipini, akavitoboa na kuvitia ndoana, na kogo akawa anashangaa vijiko vyake vinaenda wapi.

Kwanza ilibidi achague fimbo, na baba akachagua kwa macho. Moja ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye fahari, haikupita mlangoni bila kuinamishwa. Ya pili ilikuwa fupi na nene kidogo, imekaa kama kijiti cha kuchungia ndama. Unadhani fundi mzima, mbele ya majirani zake, atabeba ipi? Akabeba ndefu. Lakini kwenye kayaki mtu anakaa chini sana, karibu matako yaguse maji. Alipovuta fimbo nyuma ili arushe, ncha ikachapa maji mgongoni kwake. Na samaki mmoja aliponasa kwa bahati, akazungusha mshipi mpaka mwisho, samaki akawa ananing'inia kule kwenye ncha na mkono wa baba uko huku. Akanyoosha mkono, akajinyoosha na yeye, kayaki ikampindua. Wachumaji waliokuwa mteremkoni walicheka mpaka wengine wakaweka vikapu chini. Baba alirudi nyumbani na magugu kichwani, na kogo akampa mursik bila kuuliza kitu.

Jumamosi iliyofuata akaja na ile fupi, kichwa kimeinama kidogo. Fimbo ilifaa. Ilirushwa bila kugusa maji na ilimleta samaki mpaka ubavuni mwa kayaki. Tatizo likahamia kwenye rili. Ilikuwa rili ya duara, mfano wa kopo la rangi ya viatu, na kishikio chake cha kuzungushia kilikuwa upande wa kulia. Baba alirusha kwa mkono wa kulia kama watu wote. Kisha ikabidi ahamishe fimbo mkono wa kushoto ili wa kulia uende kuzungusha. Samaki wale hawakuwa na subira hiyo. Walikirukia kijiko mara tu kilipogusa maji, na baba alipokuwa bado anabadilisha mikono walikuwa wameshakitema. Alijaribu kurusha kwa kushoto, kijiko kikaruka nyuma kikashika kofia yake. Aliigeuza rili juu chini, ikazunguka kinyume. Usiku aliifungua mezani kipande kwa kipande, akaipaka grisi, akaifunga tena. Hakuona kasoro. "Hii ilitengenezwa na mtu anasinzia," akasema.

Siku moja alikaa nyasini amechoka, akanipa fimbo nishike ili ang'oe magugu yaliyojisokota kwenye ndoana. Alipomaliza hakuiomba mara moja. Kogo hakuwepo, leso haikuwepo, na mkono wangu ukafanya ulivyotaka. Nilirusha kwa kushoto. Mara ya kwanza rili ilizunguka kasi kuliko mshipi, ukatatizana kama uzi wa sweta, na baba akafungua mafundo akinung'unika. Mara ya pili nikaweka kidole gumba juu yake taratibu, kama unavyozuia ndama asinyonye. Kijiko kikaenda kikatua mahali nilipotaka, na mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari uko kwenye kishikio. Haukuwa na safari ya kwenda popote. Nikaanza kuzungusha kabla mawimbi hayajatulia.

Baba aliacha kunung'unika. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Hebu tena." Akanivalisha lile koti la kuelea lililonifika magotini, akaniketisha kwenye kayaki, akaifunga kamba ya katani na kuishika yeye mwenyewe kutoka ukingoni. Jioni ile tulimpelekea jirani samaki wa kutosha jamaa yake yote. Baba aliitazama rili njia nzima. Tulipofika kwenye lango letu akasema, "Kumbe hii kitu ni mzima. Ni mimi ndio nilikuwa upande mbaya."

Usiku huo nilimsikia akimwambia kogo, "Mama, kabla huyu hajaenda Sigowet, njoo uone kitu." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwomba mama yake jambo kwa ajili yangu. Kogo akauliza kama huko bwawani kuna matope.

Alikuja Jumamosi akiwa amevaa koti lake la kanisani na mwavuli mkononi, akasimama kati ya mistari ya chai juu ya ukingo. Wachumaji walijua kuna kesi, wakapunguza mwendo wa kuchuma. Mimi nilikuwa majini. Nikarusha, hakuna. Nikarusha, kijiko kikashika magugu na baba akanivuta nikakitoe. Nikarusha tena na tena, na maji yakakaa kama hakijawahi kuishi kitu ndani yake. Nikamsikia kogo akimwambia baba, "Nimeona," na nilipogeuka alikuwa ameanza kupanda mteremko. Nikaiona Sigowet mbele yangu, na pilipili yake. Nikarusha kwa hasira mpaka kwenye kona ambayo baba hakuwahi kufika, na kabla kijiko hakijazama fimbo ikainama.

Samaki yule aliruka nje ya maji mzima mzima, kichwa akikitikisa, na wachumaji wakapiga yowe moja. Akanizungusha na kayaki yangu. Sikuachia mshipi ulegee hata kidogo, mkono mmoja ukishika fimbo na mwingine ukikunja mshipi, mpaka akachoka akaja ubavuni, nami nikamshika mdomo. Baba alivuta ile kamba kama anavuta ng'ombe kutoka shimoni. Nikapanda ukingo mbio, fimbo mkono wa kulia, samaki mkono wa kushoto, nikamfikia kogo nikamnyooshea. Hapo ndipo nilipoona ni mkono gani niliomnyooshea.

Wachumaji wakaacha kuchuma. Kogo hakumtazama samaki. Aliutazama mkono, ulivyolowa na kukwaruzwa na meno, na nilitaka kubadilisha lakini mkono wa kulia ulikuwa umejaa. Kisha akaweka mwavuli nyasini. Akanyoosha mikono yake yote miwili, akainama kidogo, akapokea namna mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mtu mzima. Nakwambia, rafiki yangu, nimepewa vyeti na nimepigiwa makofi kwenye kumbi kubwa, na sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama siku ile. Samaki akajipiga mkia, kogo akapiga ukelele, "Eh! Kiko hai!" lakini hakumwachia. Alimbeba mwenyewe mpaka kwa jirani, koti la kanisani likilowa, akamkuta mlangoni. "Mama, shika samaki yako," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Mimi siwezi pika hii kwa sufuria yangu. Lakini ni mtoto yetu ameshika. Na hiyo mkono yake."

Habari za Sigowet hazikutajwa tena. Shule zilipofunguliwa kogo alinisindikiza mpaka kwa mwalimu, akamwambia mbele ya darasa kwamba mkono ule uachwe, una kazi. Na leso ikarudi kubebea mboga.

Mengi ya hayo hayapo tena. Bwawa lilijaa udongo likaota matete, na sasa ndama wanalishwa pale nilipozungushwa na yule samaki. Jirani alirudi Vihiga mumewe alipostaafu. Mteremkoni siku hizi zinapita mashine za kuchuma chai, na vile vicheko vya wachumaji vilivyomlaki baba akitoka majini huwezi kuvisikia tena. Baba yupo, amezeeka, na bado anasema ile fimbo ndefu ilikuwa nzuri zaidi.

Kogo alipatwa na kiharusi mwaka wangu wa mwisho chuoni, kikamchukua upande wote wa kulia. Mama aliniambia kwamba wageni wakija, kogo anauficha mkono wake wa kushoto chini ya blanketi, kwa sababu hawezi kumsalimia mtu na mkono huo, na wa kulia hauinuki. Watu walikuwa wakimgusa bega tu na kukaa. Nilifika jioni, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamnyooshea wangu wa kushoto. "Chamgei, kogo," nikamsalimia. Aliutazama muda mrefu, kama siku ile. Blanketi likasogea, mkono wake ukatoka, akanishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Tukasalimiana hivyo, kushoto kwa kushoto, mpaka alipotutoka.